Mzazi Asiye na Arubaini

 

Mwanamke wa Pemba akijifungua, nyumba nzima hubadilika kwa ajili yake. Mama yake au shangazi yake huhamia na mkoba wake. Asubuhi mzazi hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa tumbo, hupewa uji wa pilipili manga. Hapiki, hafagii, hateki maji. Siku ya saba mtoto hunyolewa nywele, huitwa jina, na mwenye uwezo huchinja akika. Majirani huingia na kutoka mpaka zitimie siku arubaini. Wako wanaodhani kwamba yote hayo ni ya kuuponya mwili peke yake. Mimi naamini wazee wetu walijua kwamba mwanamke aliyetoka kuzaa yuko karibu sana na hofu, na kwamba dawa ya hofu hiyo ni watu, mikono yao, na mtoto aliye ubavuni.

Sasa mfikirieni mzazi ambaye mtoto wake amezaliwa miezi saba. Au ametimiza miezi, lakini amezaliwa amechoka, hakulia. Mtoto anachukuliwa mbio kupelekwa wodi ya uangalizi maalumu wa watoto wachanga. Mama anabaki wodi ya wazazi, kulia na kushoto kwake wenzake wananyonyesha. Siku chache baadaye yeye anapewa ruhusa, mwanawe hapewi. Anakaa kwenye benchi au barazani, juu ya mkeka aliouleta dada yake, na mshono wa upasuaji haujapona. Wa kumkanda hayupo. Chakula anakula kikifika, na kinafika gari ikipatikana. Arubaini zake zimevunjika kabla hazijaanza. Habari ya mwanamke huyo ndiyo iliyonileta leo.

Si mmoja wala wawili. Takwimu za kitaifa za afya za mwaka 2022 zinaonyesha kwamba nchini Tanzania hufariki watoto wachanga 24 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai, kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Na kwa kila anayefariki, wako wengine waliolazwa wakapona. Sababu kubwa ni tatu, na wauguzi wenzangu wanazijua kama wanavyojua majina yao: kuzaliwa njiti, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na maambukizi. Katika kisiwa cha Pemba chenye watu zaidi ya 540,000 kwa sensa ya mwaka huo huo wa 2022, hakuna shehia isiyokuwa na mama aliyewahi kukaa kwenye benchi lile.

Kwa asiyewahi kuingia wodi hiyo, nitaeleza kilichomo. Chumba ni cha joto, kwa sababu mtoto wa gramu 1,200 hana mafuta ya kumhifadhi. Amelala na nepi inayomfika kifuani. Mdomoni au puani umepitishwa mpira wa kumlisha. Mwengine amewekwa chini ya taa za bluu kwa sababu ya manjano, macho yamefunikwa kwa kitambaa. Mwengine ana vijipira viwili puani vinavyompelekea hewa, na ncha ya pili ya mpira imezamishwa ndani ya chupa ya maji yanayotoa mapovu mfululizo. Mapovu hayo ndiyo dalili kwamba kifaa kinafanya kazi, maana kina cha maji ndicho kinacholeta msukumo wa kuzuia mapafu yasinywee. Nesi akiyaona mapovu, moyo wake unatulia. Mama akiyaona, anafikiri mwanawe anazama. Na akiona kitambaa machoni, anafikiri amekuwa kipofu. Nimemwona mzazi amesimama mlangoni, hasogei mbele wala harudi nyuma, na nilipomuuliza akaniambia: «Naogopa nikimgusa atakatika.»

Kisha kuna kengele. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 34 mara nyingine husahau kupumua. Zinapita sekunde 20 bila pumzi, mashine inalia, nesi anamgusa unyayo kwa kidole, naye anavuta hewa tena. Kwetu sisi wauguzi ni jambo la kila zamu. Kwa mama aliyelishuhudia mara moja, usingizi umekwisha. Atakaa anahesabu kifua kinavyopanda na kushuka, na hata akienda kuoga masikio yameachwa wodini.

Mwaka 1993 Margaret Miles, mwalimu wa uuguzi huko Marekani, pamoja na wenzake walichapisha dodoso la kupima mfadhaiko wa wazazi wenye watoto katika wodi hizi. Waliuliza mambo ya aina tatu: mandhari na sauti za wodini, hali na sura ya mtoto mwenyewe, na jinsi mzazi anavyohisi kwamba ameondolewa katika nafasi yake ya uzazi. Dodoso hilo limetumika katika nchi nyingi tangu hapo, na mara nyingi kinachoumiza kuliko vyote ni hicho cha tatu. Mashine zinatisha, lakini linalomvunja mama ni kusimama mbele ya mwanawe akakosa la kumfanyia. Wengine wanamlisha, wengine wanambadilisha nepi, wengine wanajua uzito wake wa leo. Yeye, aliyembeba tumboni, anaomba ruhusa kumwangalia.

Hapa ndipo lilipo neno langu la leo. Mfadhaiko wa mama huyu hautibiwi kwa kumwambia atulie. Unatibiwa kwa kumrudishia kazi yake.

Wala hili si geni kwetu Waislamu. Surat al-Qasas imetusimulia habari ya mama yake Musa, aliyemtia mwanawe mtoni kwa amri ya Mola wake. Tunaambiwa kwamba moyo wake ulibaki mtupu, na alikaribia kuidhihirisha siri yake lau Mwenyezi Mungu asingeutia nguvu moyo wake. Angalieni kwamba huyu ni mwanamke aliyeahidiwa na Mola wake kwamba mtoto atarudi. Imani alikuwa nayo, ahadi alikuwa nayo, na bado moyo ulikuwa mtupu. Kisha angalieni yaliyofuata. Alimtuma dada yake Musa amfuatie nduguye na amtazame kwa mbali: alitaka habari. Mtoto akawakataa wanyonyeshaji wote. Akarejeshwa kwa mama yake ili jicho lake lipate utulivu na asihuzunike. Utulivu wake ulikuja pale mtoto aliporudi kifuani. Nawaomba masheikh waliopo hapa walisomeshe jambo hilo misikitini na katika darsa za wanawake, maana watalieleza vizuri kuliko mimi.

Dunia ya tiba ilichelewa kulijua. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Paris, daktari Pierre Budin aliwaokoa watoto njiti wengi kwa vyumba na vifaa vya joto, akagundua kwamba mama aliyetengwa na mwanawe muda mrefu huweza kupoteza hamu naye, na wengine hawakurudi kumchukua. Akawaruhusu akina mama waingie wanyonyeshe. Lakini hospitali nyingi zilizomfuata zilichukua kifaa cha joto zikamwacha mama nje ya mlango, kwa kuogopa maambukizi, na ukawa ndio utaratibu kwa miaka mingi.

Mwaka 1978, Bogotá nchini Colombia, Edgar Rey Sanabria na mwenzake Héctor Martínez walikuwa na wodi iliyojaa, vifaa vya joto havitoshi, watoto wanaambukizana na wengine wanatelekezwa. Wakamtoa mtoto kwenye kifaa wakamweka kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, wima, akanyonya maziwa ya mama. Ndiyo hiyo tunayoiita njia ya kangaruu. Hapa kwetu kanga moja inatosha kuifanya.

Kwa miaka mingi tuliambiwa tumngoje mtoto atengemae kwanza, ndipo awekwe kifuani. Jambo hilo likapimwa katika hospitali za nchi tano: Ghana, India, Malawi, Nigeria, na Tanzania yetu, Dar es Salaam. Watoto 3,211 wenye uzito wa kilo 1 mpaka gramu 1,799 waligawiwa makundi mawili. Kundi la kwanza mtoto aliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, hata akiwa bado na oksijeni, na akakaa hapo wastani wa saa 17 kwa siku. Kundi la pili walisubiri atengemae. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 12 kwa kundi la kwanza na asilimia 15.7 kwa la pili. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa sababu haikuwa haki tena kuendelea kuwanyima kundi la pili. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake.

Jambo ninalotaka mlikamate katika utafiti huo linahusu kitanda. Ili mtoto akae kifuani saa 17, mama lazima alale humo humo ndani ya wodi ya uangalizi maalumu. Ilibidi wodi zipangwe upya, kitanda cha mama kiwe pamoja na huduma ya mwanawe, na mama mwenyewe atibiwe hapo hapo. Akichoka, au akiwa bado hajaamka kutoka chumba cha upasuaji, mama yake au dada yake humbeba mtoto kwa niaba yake. Nani katika ukumbi huu haoni kwamba hiyo ndiyo arubaini, imehamishiwa hospitali?

Nirudi kwenye maziwa, kwa sababu hapo ndipo mfadhaiko unapomuumiza mtoto moja kwa moja. Maziwa hutolewa na homoni ya oksitosini, na hofu kali au maumivu huizuia isifanye kazi. Maziwa yapo, lakini hayashuki. Tunamwambia mama akamue mara nane au zaidi kwa siku, usiku ukiwemo. Anainama juu ya kikombe cha plastiki na kidole gumba na shahada, anabana, anaachia, nusu saa nzima, na chini ya kikombe panaonekana matone ya manjano yasiyojaa kijiko. Hapo muuguzi akipita akasema «Haya tu?», basi kikombe cha jioni kitakuwa kikavu. Akisema «Hii ndiyo chanjo yake ya kwanza, nipe nimpe sasa hivi», kisha akamwachia mama mwenyewe ashike sindano ya kulishia na kuyaangalia yakishuka taratibu kwenye mpira, basi usiku atakamua bila kuamshwa. Na ukweli ni kwamba matone yale yanatosha: mtoto wa gramu 1,200 siku ya kwanza mara nyingi huanzishiwa mililita chache tu kila baada ya saa mbili au tatu. Mama hajui hivyo. Anajilinganisha na jirani aliyezaa mtoto wa kilo tatu na nusu.

Kwetu Pemba kuna mizigo mingine ambayo dodoso la Marekani haliwezi kuiuliza. Mama wa Kojani, wa Fundo au wa Kisiwa Panza anavuka maji kwanza ndipo apande gari. Mtoto akihitaji rufaa zaidi, ni boti ya Unguja kutoka Mkoani au ndege kutoka Chake. Mumewe huenda yuko dago la uvuvi, mwezi mzima hajarudi, na simu haipatikani. Nyumbani ameacha watoto wawili kwa jirani, mwani uko baharini bamvua linapita, na ikiwa ni msimu wa karafuu hakuna mtu mzima aliyebaki kijijini. Hamu ya kukaa na mwanawe inamvuta huku, riziki inamvuta kule.

Juu ya hayo kuna maneno. «Alibeba mizigo na tumbo lile.» «Alikuwa akitoka magharibi.» «Kuna mtu ana kijicho.» Mtoto akishikwa na degedege, tayari shetani ametajwa. Mama anayasikia, au haambiwi lakini anayajua. Naomba lisemwe wazi, na lisemwe na madaktari mbele ya mume na mkwe: mara nyingi uzazi wa kabla ya wakati hauna sababu inayojulikana, na mwingi wa ule wenye sababu hutokana na maambukizi, shinikizo la damu, mimba ya mapacha. Mama hakuusababisha. Dakika mbili za daktari kumwambia hivyo mkwe zinamwondolea mzazi mzigo ambao hakuna kidonge kitakachouondoa.

Na kuna neno jema linalotumika vibaya, nalo ni subira. Mama akilia, anaambiwa asilie, kulia ni kukosa imani. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alilia alipokuwa akimpoteza mwanawe Ibrahim, akaulizwa na maswahaba, naye akalifafanua chozi lake kuwa ni huruma. Huyo huyo Ibrahim alipewa jina usiku aliozaliwa. Nalitaja kwa makusudi, kwa sababu nimeona familia nyingi zinazochelewesha jina zikiogopa mtoto hatoishi, na kwenye utepe wa mkononi anabaki kuandikwa «mtoto wa» fulani. Adhana inaweza kusomwa wodini kwa sauti ya chini. Jina linaweza kutolewa siku hiyo hiyo. Mama anayeweza kuliita jina la mwanawe anaongea naye, na anayeongea naye humgusa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mwanamke mmoja kati ya watano hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua. Hao ni wazazi wote kwa jumla, wakiwemo ambao watoto wao ni wazima. Wetu wa wodini wako hatarini zaidi. Hawatakuambia wana sonona. Watakuambia kichwa kizito, moyo unakwenda mbio, hawana hamu ya kula, au kwa ufupi wana mawazo. Wako wanaonyamaza kabisa, na hao tunawasifu kwa utulivu. Mama anayekaa wiki mbili hali vizuri, halali hata akipata nafasi, na hataki tena kumwona mwanawe, anahitaji kuonwa na mtaalamu. Anayesema heri asingekuwepo duniani asiachwe peke yake hata saa moja, na apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Kwa walio wengi, dawa ni mtu wa kuwasikiliza. Huko Zimbabwe daktari Dixon Chibanda aliwafunza bibi wa mitaani wakae kwenye benchi na wenye mawazo, wawasikilize kwa utaratibu, na kazi hiyo imefika hadi Zanzibar. Sisi tunao makungwi na masomo waliozoea kuaminiwa siri za wanawake. Wafunzwe.

Bara wamepiga hatua katika sheria: baada ya harakati za miaka, zikiwemo za taasisi ya Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, sheria ya kazi ilibadilishwa mwaka 2025 ili mama wa mtoto njiti aongezewe likizo mpaka zitimie wiki 40 za ujauzito. Kazi si jambo la Muungano, kwa hiyo sheria hiyo haituhusu hapa, na ni haki tuidai yetu. Lakini mkulima wa mwani hana mwajiri wa kumpa likizo. Likizo yake iko mikononi mwa shehia: atakayemvunia kamba zake, atakayewalisha watoto wake, atakayechangia nauli ya kumpelekea chakula kila siku. Sheha akipata habari siku ya kwanza, hayo yanapangika. Akina baba nao waingie wodini wavue shati, wabebe. Kifua cha baba kina joto lile lile.

Majengo tumepata. Hospitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani ilijengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016, na nyengine zinafuata. Ninachoomba kwa wanaochora ramani ni nafasi ya kitanda cha mama ndani, na ya jamaa mmoja wa kumsaidia, kabla saruji haijamwagwa. Kubomoa ukuta baadaye ni gharama.

Kwa mama ambaye mtoto wake hakupona nina maneno machache. Maziwa yake yatashuka siku ya tatu vile vile. Aelezwe mapema namna ya kuyapunguza maumivu, apewe mwanawe amshike akitaka, na arudi nyumbani akahudumiwe kama mzazi mwengine yeyote: akandwe, apikiwe, zitimie siku zake zote. Asiulizwe atabeba lini tena.

Na kwa anayetoka na mtoto wake, tusidhani safari imekwisha pale getini. Wodini kulikuwa na nesi na kengele. Nyumbani kuna giza na kifua kidogo cha kusikiliza. Wengi hawalali wiki za mwanzo. Mtu wa kulala naye chumba kimoja na kumpokea mtoto usiku ni wa lazima, na asiwe mtoto wa skuli. Siku ya kurudi kliniki, kabla mtoto hajawekwa kwenye mizani, mama aulizwe kwanza jana alilala saa ngapi. Jibu liandikwe kwenye kadi, pembeni ya uzito wa mtoto, ili muuguzi atakayempokea safari ijayo aanzie hapo.